Break niliyoiweka mahali pa continue, na shamba la mahindi lililokauka mlimani

Wakuu, nawasalimu. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba. Tuendelee na kazi.

Ninayoyaandika hapa niliyatenda kwa mikono yangu. Pale ambapo sikuwepo, nitasema sikuwepo na nitamtaja aliyekuwepo. Majina ya watu nimeyabadili, na kijiji sitakitaja, kwa sababu waliohusika wana watoto na wajukuu wanaosoma humu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi kijana mmoja anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, aliuliza humu jukwaani tofauti kati ya break na continue.

Alijibiwa na watu wengi. Mmoja alisema zote zinatoka kwenye loop, yaani mzunguko wa amri, achague anayoipenda. Mwingine alisema amesikia kwamba continue ni ya zamani, siku hizi watu wanatumia break tu. Wa tatu alicheka.

Hakuna hata mmoja aliyesema: nimejaribu, nikaona.

Mimi nilijaribu. Matokeo yake niliyaona shambani kwa mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Lile nililolitumikia katika chumba cha kompyuta, baada ya kuhitimu hesabu Chuo Kikuu, lilipata mwenyewe mpya. Tukapangwa uani tukasomewa majina ya wanaobaki.

Langu halikusomwa. Nikarudi kwetu Same.

Walio wadogo hawaujui ule wakati. Madukani kila kitu kilikuwa kimerudi, sabuni, sukari, redio, baiskeli, na watu walikuwa wakivitazama kupitia kioo. Milimani kahawa ilikuwa imeacha kumlipa mkulima. Wapo walioing'oa wakapanda mahindi na maharage, kwa sababu mahindi, hata bei ikianguka, unaweza kuyala.

Nilipanga chumba kimoja karibu na stendi ya Same. Nilikuwa na kompyuta moja na printa ya utepe yenye kelele za cherehani bovu. Vyote viwili aliniachia mtaalamu wa kigeni wa mradi wa maji alipomaliza mkataba wake. Ndani ya kompyuta aliacha Python ya enzi zile, na kijitabu chembamba cha kuanzia.

Mchana niliwachapia watu barua za maombi ya kazi. Jioni nilisoma kile kijitabu.

Nikiwa katika hali hiyo, kamati ya maji ya kijiji cha kwa mama yangu, huko juu upande wa Mhezi, ilinitumia ujumbe kwamba wananihitaji.

Kwa wasioijua Upareni, naomba niwachukue hatua kwa hatua. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa kwa mikono, lenye ukingo wa udongo na mawe. Usiku linakinga maji ya kijito. Asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani, na kila kaya inayapokea kwa zamu yake. Zamu ikikupita, unasubiri wiki nyingine.

Ndiva yetu ilikuwa na kaya ishirini na sita.

Aliyeshika kizibo aliitwa Mzee Yonazi. Alikuwa hajui kusoma, lakini mpangilio wa kaya zote alikuwa nao kichwani, na nani ana mgonjwa, nani amesafiri, nani ana msiba. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake.

Mwaka ule vuli ilishindwa. Maji yalipopungua, maneno yakaongezeka. Ikasemwa kwamba Mzee Yonazi anawapendelea ndugu zake. Ikasemwa zaidi kwamba anamwongezea maji Nakijwa, mjane wa marehemu mdogo wake, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji.

Nilipowauliza wajumbe nani amemwona akifanya hivyo, kila mmoja alimtaja mwenzake. Nilichukia.

Nikawaambia: "Nitawapa karatasi. Kila wiki mtapokea orodha ya zamu kutoka kwenye mashine. Mashine haina shemeji."

Walicheka, wakapiga makofi. Mzee Yonazi hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo mashine inajua desturi?"

"Itafundishwa," nikasema.

Desturi aliyoiuliza ni ya misiba. Nyumba yenye msiba haishiki jembe wala haipokei maji mpaka ukoo ukae na kuondoa matanga. Zamu yake haimsubiri, inakwenda kwa jirani anayefuata. Kwa Mzee Yonazi jambo hilo lilikuwa halihitaji kufikiriwa. Akifika kwenye mlango wa wafiwa anavua kofia, anapita, anamfungulia anayefuata.

Basi nikaketi kuandika. Wanaojifunza, hapa ndipo mnapohusika.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na while, amri inayorudia kazi mradi sharti lake linatimia, na sehemu ya msiba ilikuwa hivi (naiandika kwa Python ya sasa):

i = 0
while i < len(orodha):
    kaya = orodha[i]
    if kaya in misiba:
        continue
    print(kaya)
    i = i + 1

Nilitaka iseme: kama kaya ina msiba, iruke, endelea na nyingine. Nikatunga msiba wa majaribio, nikaiendesha.

Mashine ikatoa majina ya mwanzo, ikanyamaza. Nikasubiri. Nikanywa chai. Bado kimya. Nikaizima kwa swichi ukutani, maana sikujua wakati ule kwamba Ctrl na C zinatosha.

Mwenye macho ameshaona. Continue inaacha mistari yote iliyo chini yake na kurudi juu kwenye while. Mstari wa i = i + 1 ulikuwa chini yake. Kwa hiyo i haikuongezeka kamwe. Mashine ilirudi kwenye mlango uleule wa wafiwa, ikaukuta una msiba, ikarudi tena, bila mwisho.

Kosa lilikuwa langu la kutoongeza i kabla ya kuruka. Lakini sikulitafuta. Nililaumu neno continue. Nikalifuta, nikaweka break mahali pake.

Nikaiendesha tena. Safari hii ilikoma vizuri, printa ikapiga chini ya orodha maneno niliyoyaweka: MWISHO WA ZAMU.

Niliona imekoma, nikaamini imemaliza. Sikuhesabu majina yaliyotoka. Mhitimu wa hesabu, sikuhesabu.

Baadaye niliiandika upya kwa for, inayopitia orodha jina moja moja yenyewe, kwa sababu ni safi zaidi, nikaongeza na kikomo cha maji. Ile break ya msiba nikaihamisha ilivyo:

for kaya in orodha:
    if maji == 0:
        break
    if kaya in misiba:
        break
    print(kaya)
    maji = maji - 1
print("MWISHO WA ZAMU")

Tazameni vizuri. Mzunguko huu una milango miwili ya kutokea. Mmoja ni halali: maji yakiisha, hakuna sababu ya kuendelea kuita majina. Wa pili ni kosa: msiba wa mtu mmoja unafuta zamu za wote walio nyuma yake.

Na nje ya milango yote miwili niliweka tangazo moja. Msomaji wa karatasi alikuwa hana namna ya kujua mashine imetokea wapi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila Alhamisi katibu wa kamati alinitumia barua kwa basi. Ndani yake aliandika kina cha ndiva kama Mzee Yonazi alivyokipima kwa fimbo, kikiwa kimegeuzwa kuwa mafungu ya wiki nzima, fungu moja kwa kaya moja, na majina ya nyumba zenye msiba. Mimi niliingiza, nikachapa, nikairudisha karatasi kwa basi la Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa zilipata maji kaya nne kila asubuhi. Jumamosi zilipata sita za mwisho, zenye mashamba madogo.

Wiki saba za kwanza hakukuwa na msiba. Karatasi ilitoka na majina ishirini na sita kila mara. Maneno yalikwisha kijijini. Mwenyekiti wa kamati aliniandikia kwamba sasa wanalala usingizi.

Nilijivuna. Nakiri.

Wiki ya nane akafariki mzee wa kaya ya ishirini na moja. Ni kaya ya kwanza kati ya zile sita za Jumamosi. Kijana wake mkubwa alikuwa machimboni, na ukoo haungeweza kuondoa matanga bila yeye. Nauli ilimchelewesha zaidi ya mwezi.

Nikaingiza jina la kaya hiyo kwenye misiba. Printa ikatoa majina ishirini. MWISHO WA ZAMU.

Barua ya wiki ile ilisema ndiva ina mafungu ishirini na saba. Mafungu ishirini na saba, majina ishirini. Namba zote mbili zilikuwa mezani kwangu, kando ya kikombe, na sikutoa moja kwenye nyingine.

Katibu aliniambia baadaye kwamba yeye aliiona tofauti. Akadhani mashine inatoa na maji yanayonywewa na ardhi.

Wiki ya tisa, majina ishirini. Wiki ya kumi, majina ishirini.

Kati ya kaya tano zilizoachwa nyuma ya ile ya msiba, nne zilikuwa na vipande vingine vya ardhi bondeni, karibu na mto, kwa hiyo ziliweza kusubiri. Nakijwa alikuwa na shamba lile moja tu. Mahindi yake yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, wakati ambao mhindi ukikosa maji, hata ukiupa baadaye haukusamehi.

Baada ya karatasi ya tatu, Mzee Yonazi alikuja Same. Nilikuwa nachapa barua ya mtu, adhuhuri, upepo wa Same unaingiza vumbi mlangoni. Alikuwa ameshuka na lori la ndizi. Alisimama kizingitini na fimbo yake ya kupimia.

"Shikamoo, Mzee Yonazi. Karibu kiti."

"Marahaba. Sikai. Maji yanamwagika."

"Maji gani?"

"Ya Jumamosi. Nimeshika kizibo, nasubiri kusomewa jina, jina hakuna. Ndiva imejaa, maji yanapita juu ya ukingo yanaingia korongoni. Jumamosi ya tatu hii."

Nikamwambia kwamba barua ya katibu haisemi kitu kama hicho.

"Katibu haendi ndivani. Ana viatu."

Nikamwambia, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema ili mnihukumu sawasawa: "Mzee wangu, kazi hii tuliianza ili tuachane na maneno ya kusikia."

Akainua fimbo yake.

"Ya kusikia? Mimi ndiye niliyeona, bwana mkubwa wa mashine. Hapa kati yetu wewe ndiye unayesikia."

Nilikasirika. Nilimwonyesha karatasi. Nikamsomea yale maneno ya mwisho. Nikamwambia mashine ikisema mwisho ni mwisho.

Akauliza: "Nikiwafungulia hao wa Jumamosi bila karatasi?"

"Utakuwa umevunja utaratibu. Na wa mwisho kwenye mfereji ni nani? Si shemeji yako? Watasema nini?"

Alijua watasema nini. Mimi nilijua kwamba anajua, ndiyo maana nikamwambia.

Alipogeuka kuondoka akasema: "Nakijwa anauliza amekosa nini."

"Mwambie mashine haina ugomvi na mtu."

Akaenda zake stendi. Nikamaliza kuchapa ile barua.

Wakuu, mimi nimekuwa mkali kwa watu maisha yangu yote kuhusu ushahidi. Nawaambia wanangu, nawaambia wanafunzi niliowahi kuwafundisha, nawaambia ninyi: asiyeona asiseme. Siku ile aliyeona alisafiri kutoka mlimani akasimama mlangoni kwangu, nikamfukuza kwa kanuni ileile.

Wiki ya kumi na moja, majina ishirini tena.

Wiki ya kumi na mbili barua ikaja na msiba mwingine. Safari hii ilikuwa kaya ya pili, juu kabisa ya mfereji. Bibi mmoja mzee sana. Nikaingiza jina. Nikabonyeza. Printa ikapiga mstari mmoja, ikasogeza karatasi, ikapiga mwingine, ikatulia.

Jina moja. Chini yake, MWISHO WA ZAMU.

Nilidhani utepe umekwama. Nikachapa tena. Jina moja.

Kijiji kizima, kaya moja. Mafungu ishirini na sita ndani ya ndiva, na mashine imesema mwisho baada ya fungu moja.

Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilifungua programu, nikasoma mistari yangu mmoja baada ya mwingine kwa kidole kwenye kioo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikafika kwenye msiba. Nikaona break.

Nikatoa zile karatasi za zamani nilizozihifadhi nakala. Nikahesabu. Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Jumamosi nne.

Kurekebisha kulichukua muda wa kuandika neno moja. Nikafuta break, nikaandika continue. Ndani ya for haina madhara niliyoyapata kwenye while, kwa sababu for yenyewe ndiyo inayosogea kwenye jina linalofuata; hakuna i ya kusahau. Nikachapa. Majina ishirini na manne yakatoka, wafiwa wawili wakarukwa.

Nilifunga chumba nikapanda mlimani siku hiyohiyo. Gari liliishia barabarani, nikatembea.

Sikwenda kwanza kwa mwenyekiti. Nilifuata mfereji mpaka mwisho wake.

Shamba la Nakijwa lilikuwa jeupe. Silisemi kwa kupamba. Majani ya mahindi yakikauka yakiwa bado yamesimama yanakuwa meupe, na upepo ukipita yanatoa sauti kama ya mtu anayekunja magazeti. Nilivunja hindi moja nikamenya. Ndani kulikuwa na gunzi lenye punje nne laini.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba. Jirani aliyekuwa akichambua maharage uani kwake aliniambia Nakijwa ameshuka Kihurio tangu Jumatatu, kupandikiza mpunga katika mashamba ya watu.

"Atarudi lini?"

"Arudie nini?" akasema yule mama, akaendelea na maharage yake.

Jioni ile kamati ilikaa. Nilisimama nikaeleza kila kitu, bila kumlaumu mtaalamu aliyeniachia mashine wala kijitabu. Nilieleza kwamba niliiamrisha mashine itoke nje ya orodha nzima, badala ya kuiamrisha ipite mlango mmoja.

Halafu mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema:

"Kwa hiyo mashine yako ilifika msibani, ikakaa matanga na wafiwa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nami nilitaka kucheka, kwa sababu sijawahi kusikia break ikielezwa vizuri kuliko vile, na ninyi mnaojifunza msiisahau: break inaketi matanga, safari yote inaishia hapo. Continue inavua kofia, inampa pole mwenye nyumba, inakwenda kwa jirani.

Mzee Yonazi alikuwa pembeni, karibu na mlango. Niliomba radhi mbele ya wote, kwa jina lake. Alisimama, akaweka fimbo ya kupimia juu ya meza ya kamati.

"Mtafuteni mwingine," akasema. "Mimi kwa wiki nne nimeyatazama maji yakienda korongoni, na mahindi ya mke wa ndugu yangu yakinyauka, na mkono wangu uko kwenye kizibo. Sitaki tena mkono huu ushike kitu hicho."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata. Hakukishika tena mpaka alipofariki.

Wiki iliyofuata nilishuka Kihurio. Nakijwa nilimkuta ndani ya jaruba, maji yakimfika chini ya magoti, akipandikiza miche kwenye mstari wa wanawake kama kumi. Alikuwa na umri kama wa dada yangu mdogo. Alitoka mpaka kwenye tuta, akanawa mikono, akaniamkia.

Nilimweleza. Nilitumia maneno rahisi kadiri nilivyoweza. Nikamwambia hakuna aliyemkosea isipokuwa mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza:

"Hiyo mashine, iliposoma jina langu, ilisema nini?"

"Haikulisoma. Haikufika kwenye jina lako."

"Haikufika."

"Haikufika. Ilisimama kwa wafiwa."

Akatazama miguu yake. "Kumbe. Mimi nilidhani mmekaa kikao mkanitoa. Nilijiuliza nimemtukana nani. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, na kosa silijui. Hata kwako ningekuja, ila nauli." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mama mmoja alinisamehe kabisa. Sijui alinisamehe nini!"

Wenzake walimwita kutoka jarubani: "Nakijwa, mstari unakuacha!"

Nikamwambia arudi. Nikamwambia msimu ujao jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha, na mbegu nitamtafutia mimi.

"Hapana, kaka," akasema. "Huku sina shamba, kwa hiyo sina zamu ya kunipita. Nimepumzika."

Akarudi majini. Hakurudi mlimani kulima. Shamba lile ukoo ulimpa kijana mwingine baada ya misimu miwili, na hadi leo linapokea maji siku za Jumamosi. Nakijwa alizeeka kulekule Kihurio. Nimewahi kumtembelea mara kadhaa. Alinipokea vizuri kila mara, na hilo halikunisaidia.

Sasa nirudi kwa yule kijana aliyeuliza swali.

Mwanangu, tofauti ndiyo hiyo. Break inauvunja mzunguko wote. Continue inaacha duru moja tu na kwenda kwenye inayofuata. Ukitumia continue ndani ya while, hakikisha kinachosogeza hesabu kiko juu yake, la sivyo mashine itazunguka mlango mmoja mpaka umeme ukatike.

Na kila mlango wa kutokea uupe tangazo lake. Hivi ndivyo ninavyoandika tangu siku ile:

for kaya in orodha:
    if maji == 0:
        print("MAJI YAMEKWISHA KABLA YA", kaya)
        break
    if kaya in misiba:
        print(kaya, "- MSIBA, AMERUKWA")
        continue
    print(kaya)
    maji = maji - 1
else:
    print("KAYA ZOTE ZIMEPITIWA")

Ile else iliyopangwa sawa na for si ya if. Inafanya kazi pale tu mzunguko unapofika mwisho wake wenyewe bila kukutana na break. Wengi humu watakuambia haina maana, usiitumie. Iendeshe mwenyewe na orodha ya majina matano, ujionee. Kama ningekuwa nayo wakati ule, karatasi ya wiki ya nane ingetoka bila yale maneno KAYA ZOTE ZIMEPITIWA, na hata katibu mwenye viatu angeuliza.

Programu kukoma na programu kumaliza ni mambo mawili. Hesabu kilichotoka. Kisha mtafute aliyeko mwisho wa mfereji, umuulize kama maji yamemfika. Huyo ndiye jaribio la mwisho, na hakuna kompyuta itakayokufanyia.

Nina jambo moja ambalo sijalimaliza, na nalileta kwenu nikiwa na umri huu.

Wekeni mkono wenu pale ulipokuwa mkono wa Mzee Yonazi. Asubuhi ya Jumamosi, ndiva imejaa, maji yanavuka ukingo, chini kuna shamba la shemeji yako, karatasi ya kamati haina jina lake, na kijiji kizima kinasubiri ukosee. Je, ungefungua?

Jibuni kwa kufikiri. Msikimbilie kusema ndiyo kwa sababu tu mmeshajua mwisho wake.

Mimi ninachokijua kwa hakika ni hiki: kama angefungua, mahindi yale yangepona, na mtu wa kwanza kusimama kwenye kikao kudai afukuzwe ningekuwa mimi, na karatasi yangu mkononi.